Kiatu Changu Kiko Mgeta

Jumatatu, 3 Juni 1991

Saini getini. Ovaroli. Chai ya rangi. Halafu kukaa. Mashine za kufuma zimesimama tangu Pasaka, na sisi mafundi wa karakana tunapaka grisi vitu visivyozunguka. Wakubwa wanasema kiwanda kinatafutiwa mnunuzi. Chuwa, mwenzangu wa benchi, anasema hata ng'ombe wa mnadani hupewa majani akisubiri.

Leo angalau wamepata cha kucheka. Nimekuja kazini na kandambili. Niandike ilivyokuwa, kabla sijaanza kuipamba.

Jana nilipanda milimani Mgeta kujitambulisha kwa kina Leokadia, binti ninayetaka kumwoa. Kwa Waluguru baba anakaribisha tu. Mwenye neno ni mjomba. Huyu anaitwa Mjomba Mkude. Mrefu, koti zito, macho hayacheki hata mdomo ukicheka. Nilikwenda na Bi Mkubwa. Ndiyo pikipiki yangu, silinda nne, ile aliyoniachia mhandisi wa kigeni alipoondoka, kwa sababu ilikuwa imekufa na mimi peke yangu ndiye niliyeisikitikia. Nimemfufua. Lakini kichwa bado kinamuuma. Akipanda mlima akapata joto huanza kugonga juu, ta-ta-ta, kama cherehani. Jana aligonga tangu katikati ya njia. Kilima cha mwisho nikamzima nisimuue, nikasukuma. Nimefika ukweni nimelowa jasho kwenye baridi ile.

Mimi Mnyamwezi. Wao Waluguru. Tu watani tangu babu zetu walipopita hapa na mizigo kwenda pwani, kwa hiyo hakuna aliyenihurumia. Bibi yake Leokadia, Bibi Atanasia, nilimwamkia shikamoo akajibu, "Marahaba, mbeba mizigo. Zamani mlibeba pembe, leo mnasukuma chuma."

Hasira yangu ina mdomo. Nikasimama mbele ya ukoo mzima nikasema: Septemba, siku ya harusi, nitafika mlangoni hapa kwa injini, na nitamshusha Leokadia kwa injini. Nikishindwa nitambeba mgongoni mpaka Sangasanga kwenye lami. Vigelegele. Mjomba hakucheka. Aliinama, akanivua kiatu cha kushoto, akakining'iniza juu ya mlango wake. Rehani. Neno la utani likisemwa mbele ya watu lazima liwe na rehani.

Kiatu chenyewe cha ngozi, nilikichagua mwenyewe mtumbani. Nimerudi mjini nikibadili gia kwa mguu mtupu.

Kabla sijaondoka mjomba alinivuta kando ya jiko. Hapo hakukuwa na utani. "Kiwanda chenu kikifungwa, mpwa wangu atakula nini?" Nikamwambia nina mikono. Akaitazama mikono, akaitazama pikipiki. "Basi tutaiona Septemba," akasema.

Sijakataliwa. Sijakubaliwa pia. Namtaka Leokadia kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na naogopa.

Jumanne, 4 Juni

Nimefungua kichwa cha Bi Mkubwa juu ya benchi. Hakuna aliyekataza. Msimamizi wa zamu amevuta kiti aangalie vizuri.

Kemshafti zote mbili, zile shafti za juu zinazofungua valvu, zina michubuko. Ukipitisha ukucha unakwama. Chini kwenye kranki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, kila kitu kinang'aa kwa oili. Juu pana unyevu kidogo tu, wa kumdanganya mtu.

Nimeifuata njia ya oili kwa waya mwembamba. Pampu iko chini. Inalisha kranki kwanza, halafu giaboksi, na kinachobaki ndicho kinachopanda juu kupitia kitundu chembamba kilichopinda njiani. Injini ikizunguka kwa kasi, oili inafika. Ikizunguka polepole, walioko juu wanasubiri, na wao ndio wanaosuguana mchana kutwa. Aliyeichora injini hii alikuwa fundi hasa, ila naona kwao kulikuwa tambarare.

Kazi ndiyo hiyo basi. Oili ifike juu. Nimesugua michubuko kwa jiwe laini la kunolea mpaka jioni, na nimefurahi kweli. Siku nyingi sijapata kitu cha kutengeneza.

Alhamisi, 6 Juni

Kila mtu ana ushauri. Sipendi ushauri. Nimeuchukua wa Chuwa kwa sababu ulikuwa rahisi: oili nzito.

Miaka ile ya shida tulikuwa tunachuja oili chafu kwa soksi na kuirudisha. Sasa ruksa. Dukani makopo yamejaa, ya kila rangi, unachagua kama kitambaa. Nikachukua nzito kuliko zote.

Imeshindwa kupita kitunduni. Kugonga kumeanza mapema kuliko mwanzo. Chuwa anasema angalau kopo ni zuri, na mkewe ameshaliomba la kupandia maua.

Jumapili, 9 Juni

Leokadia ameshuka na lori la njegere. Nimemkuta sokoni akiwa amekalia gunia, anapanga bei na wanawake watatu kwa mpigo na hakuna hata mmoja aliyemshinda. Hivyo hivyo ndivyo nilivyomwona mara ya kwanza.

Ananiambia kiatu changu kinawasalimia. Watoto wanakirushia vijiwe waone nani atatumbukiza kimoja ndani. Nikamwambia asijali, nitakirudisha. Akasema yeye hajali kiatu, anajali mgongo wangu, maana yeye si mwepesi. Akacheka mpaka gunia likateleza.

Nikamwambia siri moja tu: nitatoboa njia mpya ya oili, ipite nje ya injini, moja kwa moja hadi juu. Akaniuliza kwa nini walioiunda hawakufanya hivyo. Swali zuri. Limeniudhi.

Jumamosi, 15 Juni

Imekubali.

Nimetafuta mahali oili inapotoka pampuni ikiwa bado na nguvu. Kuna kizibo kidogo karibu na chujio. Nimekitoa, nimeweka bolti niliyoitoboa kati, nimefunga bomba la shaba kutoka friji bovu la kantini, nimelipandisha nyuma ya silinda mpaka kichwani. Nikawasha. Mfuniko wa juu ulikuwa wazi, tukaona oili inachomoza na kuzilowesha kemshafti zote mbili. Imerukia shati la msimamizi. Hakulalamika. Alikuwa anacheka kama mtoto.

Hakuna kugonga. Kimya. Nimezunguka mji mzima. Nimepita stendi ya Msamvu mara mbili bila sababu, wapiga debe wakanishangilia. Mlima ulikuwa wazi bila wingu hata moja, nikaunyooshea kidole nikauambia ungoje.

Jumapili, 16 Juni

Bomba limepasuka. Shaba ya friji haipendi kutetemeshwa. Oili ya moto suruali nzima, mguu wa kulia, mbele ya kanisa, watu wanatoka misa. Mama mmoja amenipa kanga yake nijifute na hakutaka kurudishiwa.

Hakuna cha kuhuzunika hapa. Bomba gumu zaidi, na likunjwe duara moja katikati ili mtetemo ufe hapo.

Jumamosi, 22 Juni

Bomba la breki ya lori. Nimelikunja duara. Halipasuki hata nikiligonga na nyundo.

Lakini limekuja jambo jipya, na hili silipendi. Akisimama na kuunguruma polepole, taa nyekundu ya oili inawaka. Na anatoa moshi wa bluu nyuma. Nimemfikisha Mzumbe na kurudi. Nyuma yangu wamekohoa njia nzima.

Nimekaa naye mpaka jua likashuka. Nadhani nimewapa wa juu kila kitu na chini nimewaibia. Huko juu oili imefurika inapenya kwenye valvu na kuungua. Huko chini kranki inalia njaa. Kranki ikifa, hakuna cha kusugua kwa jiwe. Itakuwa mwisho wa Bi Mkubwa.

Nimelala bila kula. Septemba inakuja mbio.

Jumapili, 30 Juni

Mgeta. Nimepanda na lori, kama mzigo, na nimeambiwa hivyo na kila mtu kuanzia stendi.

Mkwe mtarajiwa haendi kukalia kiti. Nimepewa jembe. Mama yake Leokadia alinionyesha matuta ya kabichi kwa kidole bila maneno mengi, na nikashuka ubavuni mwa mlima na raba zangu zinateleza. Nimewaambia Waluguru wanazaliwa mguu mmoja mrefu na mwingine mfupi, ndiyo maana wakifika Msamvu kwenye tambarare wanayumba. Bibi Atanasia aliipenda hiyo. Alinirushia fundo la udongo, likanipata mgongoni.

Kulikuwa na ugomvi wa maji. Jirani wa shamba la juu aliufungulia mfereji wote kwake. Vitunguu vyake vilikuwa vinaelea, na kwetu chini mfereji ulikuwa tope linalokauka. Leokadia alipanda akamsema, naye akasema bila hivyo maji hayafiki mwisho wa tuta lake. Hawakufunga. Waliweka jiwe mdomoni mwa mchepuko na kitita cha majani pembeni, wakaacha koo jembamba. Kwake yakaendelea kufika, polepole. Kwetu yakashuka.

Nimesimama na jembe mkononi. Leokadia aliniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, nahitaji lori la kurudi sasa hivi.

Hakukuwa na lori. Nimelima mpaka jioni huku naimba. Mjomba alipita akanitazama kwa muda mrefu.

Jumatatu, 1 Julai

Jiwe mdomoni mwa mfereji. Bolti mpya, haikutobolewa wazi. Nimeitia kitundu kidogo sana kwa keekee nyembamba kuliko zote karakana nzima. Chuwa alishika tochi na kushikilia pumzi.

Taa nyekundu imezimika. Moshi hakuna. Ukiligusa bomba baada ya muda linakuwa na joto, yaani oili inapita. Ukiisikiliza kranki kwa bisibisi ndefu iliyowekwa sikioni, inanong'ona vizuri. Juu wanakula, chini wanakula.

Nimemnunulia Chuwa soda mbili. Amesema anastahili tatu.

Jumapili, 14 Julai

Siku nzuri na siku mbaya.

Nzuri: tumepanda Mgeta mimi na Leokadia, yeye nyuma na kapu. Bi Mkubwa amepanda kilima cha mwisho kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Sikuingia nyumbani. Nimegeuzia njia panda, mlango wa mjomba unaonekana, kiatu kinaning'inia. Nikakipungia mkono.

Mbaya: tumeshuka salama, tumepita daraja la chini, tukaingia lami, na hapo ikaanza. Ta-ta-ta. Palepale juu. Nilitaka kulia. Leokadia aligeuka akalitazama daraja.

Jumatatu, 15 Julai

Nimefungua. Michubuko mipya. Kitundu hakijaziba. Bomba zima. Pampu nzima. Oili safi.

Kazini wametangaza: mwisho wa Septemba tunafunga. Mnunuzi amepatikana, anataka majengo, hataki mashine wala sisi. Wenzangu wengine walikaa chini palepale getini. Chuwa anarudi kwao Moshi kulima.

Nilikuwa nimempa mjomba jibu moja tu, mikono yangu, na mikono yenyewe hii hapa imeshindwa na kitu kinacholingana na meza. Nimemtukana Bi Mkubwa kwa Kinyamwezi. Nimeona aibu baadaye, maana matusi yenyewe ya bibi yangu.

Jumamosi, 20 Julai

Nimecheka leo mpaka nimekaa chini.

Leokadia ameshuka na lori la koliflawa akaja moja kwa moja karakana. Alikuwa na neno, na alikuwa amelibeba wiki nzima. Alisema Bi Mkubwa hagongi akipanda. Hagongi akiwa juu. Anagonga baada ya daraja. "Kila unapomwamsha," akasema. "Ukimlaza huko juu ukamwamsha kule chini, anaamka vibaya."

Nikamwambia hajui pikipiki. Halafu nikaanza kusikia alichosema.

Nimejifunza kuendesha miaka ya shida, tukilala foleni ya petroli na madumu. Kila dereva wa wakati ule alijua: mteremko ni petroli ya bure. Unaweka frii, unazima injini, unashuka na upepo. Chini unaachia klachi, injini inashtuka, unaendelea. Aliyeshuka mlima injini ikinguruma alionekana mwendawazimu, au mkubwa serikalini. Hivyo ndivyo ninavyoshuka Mgeta hadi leo, na sijawahi kulifikiria, kama mtu asivyofikiria kupumua.

Mlima mzima ule pampu imelala. Oili yote ya juu inateremka chini, kichwa kinabaki cha moto na kikavu. Halafu mimi naachia klachi kwa mwendo wa kasi na kuzikurupusha kemshafti bila tone. Na kwenye kupanda? Gia kubwa, petroli kidogo, injini inajikokota polepole, pampu nayo inajikokota. Yote kubana petroli. Petroli ambayo sasa inauzwa kila kona na hakuna foleni.

Nimekuwa namtengeneza kwa mkono wa kulia na kumuua kwa wa kushoto. Nimemwambia Leokadia. Alisema hilo lilikuwa wazi. Halikuwa wazi hata kidogo, lakini leo anaweza kusema anachotaka.

Jumapili, 28 Julai

Kujifunza upya kuteremka. Ni kazi kuliko kutoboa bolti.

Mkono una akili yake. Kilima kikianza tu kuinama, unakwenda kwenye ufunguo wenyewe. Leokadia amekaa nyuma na kazi yake ni kuupiga. Ameupiga tangu Nyandira mpaka Sangasanga, umevimba. Gia ya pili, injini inanguruma, inavuta breki yenyewe, na moyo wangu unahesabu petroli inayoungua bure. Nilipiga kelele kwamba hii ni dhambi. Akasema nikaungame.

Chini ya daraja, kimya. Hakugonga. Tumesimama kwenye lami tukasikiliza wote wawili, vichwa vimeinama, kama watu wanaosikiliza mtoto amelala. Bado anapumua vizuri. Nimembusu Leokadia mbele ya muuza miwa.

Jumamosi, 17 Agosti

Wametuma salamu kutoka juu. Watani wamekaa kikao. Hawakunialika, na hiyo ni dalili mbaya. Chuwa ameahirisha kurudi Moshi mpaka harusi ipite. Anasema hawezi kuondoka katikati ya mchezo.

Nimempaka Bi Mkubwa rangi nyekundu. Leokadia anauliza anaolewa nani.

Kuna banda la bati karibu na Msamvu, lina mlango na kivuli. Mwenyewe amekubali nianze Oktoba. Sijamwambia mjomba. Nikimwambia sasa ataona najitetea.

Ijumaa, 6 Septemba

Kesho. Nimekagua kila bolti. Bomba, duara, kitundu. Nimemwagia oili mpya. Nimejaribu suti na mguu wa kulia una kiatu, wa kushoto una raba. Hakuna dawa, nitaoa hivyo hivyo.

Siogopi kupanda. Siogopi kuteremka. Naogopa uso wa mjomba.

Jumapili, 8 Septemba

Nimeoa.

Niandike taratibu, nisiruke kitu. Jana asubuhi nilipanda na ukungu. Gia ndogo, pumzi ndefu. Lori lililobeba Chuwa na wenzangu wa kiwandani nyuma yangu, wamenuna kwa baridi. Nimefika mlangoni kwa mjomba kwa injini. Mlangoni hasa, kuku waliruka. Vigelegele vikaanza, nikanyoosha mkono nizime.

"Usizime." Bibi Atanasia. Alikuwa ametandika mkeka barabarani mbele ya gurudumu na kulala juu yake, na blanketi. Nyuma yake magunia ya kabichi, njia yote imezibwa. Watani wameamua: tutakwenda kanisani kwa miguu, tutarudi, tutakula, na chuma kitabaki kinanguruma hapo mpaka yeye aridhike. Kikizimika chenyewe, mgongo wangu unasubiri.

Wanajua. Siku ile ya kwanza waliniuliza kwa nini namsukuma, nami nikawaeleza yote. Kunguruma polepole, muda mrefu, bila kwenda popote, ndipo oili inapochoka kupanda. Wamechagua mahali penye kidonda. Wangekuwa mafundi wazuri.

Kwa bahati padri alikuwa na mguu mbaya, akaja kutufungisha uani kwa mjomba badala ya kanisani. Kwa hiyo misa yangu ya ndoa ilikuwa na Bi Mkubwa nyuma akisema lake. Nilijibu "Nakubali" huku sikio moja liko kwake. Leokadia aliona. Alinikanyaga, na alichagua mguu wenye raba.

Baada ya misa, madai. Nicheze. Nimecheza. Niombe radhi kwa jogoo aliyeibwa na babu yangu alipopita na mizigo. Nimeomba, ila nikasema jogoo mwenyewe alifuata msafara kwa hiari, alikuwa amechoka kutembea upande. Walianguka kwa kicheko. Kila baada ya jambo nilikwenda kugusa bomba kwa kidole. Joto. Taa nyekundu haikuwaka.

Bibi Atanasia aliniuliza ninapapasa nini. Nikamwambia, nampima mapigo. Akaamka mkekani, akaja, akaweka kidole chake kwenye bomba, akakiondoa haraka. "Ana homa," akasema. Nikamwambia ndiyo uhai wake huo, ikipoa tu amekufa. Akaweka sikio karibu na kichwa cha injini. Alisikiliza, akahamia upande wa pili, akasikiliza tena.

"Huyu hana njaa," akasema. Akakunja mkeka.

Mjomba alikishusha kiatu kwa mkono wake. Wamekijaza udongo na kukipanda vitunguu vya majani, vimeota hadi nje. "Vaa," akasema. Nikang'oa vitunguu, nikampa mama mkwe, nikavaa kiatu na udongo wake. Nimeteremka Mgeta na tope kwenye vidole, na mke nyuma mwenye gauni jeupe na koti la mjomba juu yake. Gia ya pili. Mkono ulitaka ufunguo mara moja tu, pale kilima kikali. Leokadia hakuupiga. Aliushika.

Sangasanga, kwenye lami, mjomba alishuka kwenye lori. Alizunguka pikipiki. Akasimama akisikiliza, mikono mgongoni. Sikuweza kumtazama.

"Mashine yangu ya kusaga inagonga juu," akasema. "Jumatano uje uiangalie." Akarudi kupanda lori.

Leokadia alinibana kiunoni mpaka nikakosa pumzi. Huo ndio uliokuwa mkono wake wa baraka, mzee yule. Sina maneno mengine. Nimefurahi mpaka kifua kinauma.

Jioni nikamwona Leokadia anautazama mgongo wangu. Nikamwuliza. Akasema hakuna kitu, ila alikuwa ametamani kubebwa kidogo.

Jumapili, 24 Novemba

Mvua za vuli. Tulikwenda kuwasalimia juu. Mashine ya mjomba inasaga vizuri, na jirani wa mfereji naye ana jenereta anayotaka niitazame. Kiwanda kimefungwa geti kwa mnyororo. Banda la Msamvu linavuja kona moja tu.

Kushuka, tukakuta kijito kimepanda juu ya barabara, chini kabla ya daraja. Maji ya magotini, ya kahawia. Nilivuka kwanza na Bi Mkubwa peke yake, polepole. Nikamsimamisha ng'ambo, juu ya mawe. Sikuzima. Nikamwacha anaunguruma pale, petroli inaungua, hakuna anayekwenda popote.

Nikarudi ndani ya maji kwa miguu. Leokadia alikuwa amesimama na viatu mkononi, tayari kuvuka. Nikamgeuzia mgongo, nikainama.

Si mwepesi, kweli. Hakucheka. Aliweka shavu kwenye shingo yangu. Hakukuwa na mtani yeyote barabarani. Nilivuka taratibu, nikisikia ng'ambo ile sauti moja, sawa, juu na chini, na nilipofika sikumshusha mara moja.